Natua Kigali saa 10 jioni na mama, nakodi gari niingie Rubavu usiku huohuo. Tatizo liko wapi?

#1 Mwana_Nyegezi
Habari wakuu. Mdogo wangu anaoa Rwanda na kuposa kunafanyika Rubavu, kule Gisenyi kwenye Ziwa Kivu. Mimi na mama (miaka 68) tunaondoka Mwanza Ijumaa na ndege ya alfajiri, tunabadilisha Dar, tunatua Kigali saa 10 jioni. Shughuli ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Gari nimeshalipata, la otomatiki, nitakabidhiwa uwanjani.

Kigali hadi Rubavu ni kama kilomita 160, lami tupu. Hiyo ni Mwanza–Shinyanga, njia ninayokwenda kila mwezi. Ndugu wote wananikataza kuendesha siku ya kufika, lakini kila mmoja ana sababu yake: huyu anasema usingizi, yule anasema upande wa barabara, mwingine kamera. Nina leseni mwaka wa 14 na sijawahi kugonga hata kuku. Mliowahi kufanya hivyo, nambieni ukweli. Nabeba mama.

#2 MwaloniKwanza
Nimepeleka dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Goma, Kongo, miaka 6. Rubavu ndipo tunapovukia, kwa hiyo hiyo njia naijua hata nikiamshwa usingizini.

Kilomita 160 za kule si 160 za Shinyanga. Ukishapita Usagara unashika usukani kwa vidole viwili hadi Shinyanga mjini. Kule ukitoka tu Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali, unaanza kupanda mlima wa Shyorongi, na kuanzia hapo mpaka Musanze ni kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine huoni chini kuna nini. Mchana weka saa 3 na nusu. Usiku na ukungu weka 4 au zaidi.

Halafu kuna baiskeli. Wanabeba viazi magunia mawili matatu, mlima wakipanda wanashika nyuma ya lori, wakishuka wanaachia. Nyingi hazina taa. Hizo ndizo zinazonitisha mimi, si kamera.

#3 BintiIgogo
Mkuu hapo juu kaongelea milima, mimi naongelea upande. Rwanda wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Watu wanadhani shida ni kukumbuka "kaa kulia". Hapana, ukiwa nyuma ya magari mengine unafuata tu. Shida ni mkono. Magari yetu ya Japani indiketa iko mkono wa kulia. Kule iko kushoto, na waipa iko kulia. Mimi Kigali siku ya kwanza kila nikitaka kukata kona waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Kitu kidogo, ila sekunde ile unayoshangaa waipa ndiyo sekunde ambayo bodaboda yuko ubavuni.

Na mwili wako haujui gari linaishia wapi. Umezoea gari liko kushoto kwako, sasa liko kulia kwako. Nilikwangua ukingo wa barabara mara mbili kwa tairi la kulia.

#4 Mwana_Nyegezi
Asante BintiIgogo, hiyo ya indiketa sikuwa nimeifikiria kabisa. MwaloniKwanza, saa 3 na nusu nikitoka saa 11 na robo si naingia saa 3 kasoro usiku? Bado mapema.

#5 NesiWaZamu
Kaka, hesabu kwanza saa zako za kuwa macho. Ndege ya alfajiri Mwanza maana yake umeamka saa 9 usiku, kama ulilala kabisa. Ukiingia Rubavu saa 3 usiku ya kule, huku ni saa 4, kwa sababu Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Kutoka saa 9 usiku hadi saa 4 usiku unaofuata ni saa 19 uko macho.

Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 1997 tulifundishwa chuoni: mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya makosa sawa na mwenye pombe ya 0.05 kwenye damu, na kuna nchi nyingi ambako kiwango hicho kinatosha kukamatwa. Wewe utakuwa umepita hapo ukiwa ndani ya kona za MwaloniKwanza. Kwangu mimi upande wa barabara ni wa pili. Usingizi ndio wa kwanza.

#6 MuhayaWaKemondo
Msukuma na mlima wapi na wapi! Ninyi mmezoea mbuga na ng'ombe, mkiona kilima cha Bugando mnasema mmefika Kilimanjaro. 😀 Sisi wa Bukoba tumezaliwa kwenye kona.

Ila kwa dhati, mimi naona ni hewa. Kule juu ni kimo kikubwa, hewa nyepesi, mgeni anachoka haraka na kichwa kinauma. Ndiyo maana watu wanasinzia siku ya kufika.

#7 NesiWaZamu
Shemeji wa Kemondo, hapo sikubaliani. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kigali ni 1,500 na kitu, Musanze kama 1,850. Kwa mtu wa Dar ningekuelewa kidogo, kwa mtu wa Nyegezi tofauti hiyo haimlazi. Kichwa kinauma kwa sababu hajanywa maji tangu asubuhi, anaogopa kwenda choo cha kwenye ndege.

#8 MuhayaWaKemondo
Sawa nesi, nimepokea. Lakini mimi nilichoka siku ile, na maji nilikunywa.

#9 FunditNyakato
Mnasahau breki. Mtu wa otomatiki wa hapa Mwanza anajua D na R tu. Akishuka mlima mrefu anakanyaga breki kilomita 5 mfululizo, zinapata moto, pedali inaanza kuzama. Anadhani gari ni bovu. Gari halina kosa, yeye hajui kushuka na gia. Mleta uzi, ukikabidhiwa gari tafuta kwenye gia pameandikwa L, 2, B au alama ya kutoa na kujumlisha. Mlima ulioupanda kwa gia nzito ushuke kwa gia nzito. Breki ukanyage kwa vipindi, si kuilalia.

Na ufanye hayo ukiwa bado uwanjani, gari limesimama, si Shyorongi.

#10 DadaWaRemera
Mimi ni wa Kirumba, naishi Kigali mwaka wa 7 sasa. Kuna vitu vitatu hamjasema.

Giza. Mwanza jua linazama karibu saa 1. Huku linazama saa 12 jioni, mwaka mzima, haibadiliki sana. Kwa hiyo ukitoka uwanjani saa 11 na robo, ukapita foleni ya Ijumaa jioni mpaka Nyabugogo, giza linakukuta hata Shyorongi hujaimaliza. Njia nzima utaiendesha usiku. Hukuihesabu kwa sababu unatumia jua la nyumbani.

Kamera zipo kweli na ni nyingi. Kuna kibao cha 40, cha 60, cha 80, vinabadilika. Faini inaingia kwenye simu ya mwenye gari, wewe unaletewa wakati wa kurudisha funguo.

La tatu ndilo kubwa: Jumamosi hiyo ni ya mwisho wa mwezi?

#11 Mwana_Nyegezi
Nimeangalia kalenda. Ndiyo, ni ya mwisho. Kwa nini?

#12 DadaWaRemera
Umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, nchi nzima inafanya kazi za jamii. Maduka yanafungwa, mabasi yanasimama, magari binafsi hayatembei ovyo, polisi wanakusimamisha na kukuuliza unakwenda wapi. Mwenye ndege anaonyesha tiketi anapita. Sherehe zote siku hiyo huanza mchana. Ndiyo maana nashangaa kuposa kwa saa 4 asubuhi. Hebu mpigie tena mdogo wako.

#13 SengeremaJunction
Kwa nini msiende kwa barabara na gari lenu? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko Sengerema. Nimeshalala kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo zaidi ya mara moja, leo napita kama sijui palikuwa na maji. Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Mama anakaa kiti cha mbele, mnasimama mnapotaka, mnakula samaki mnapotaka. Pale Rusumo kituo ni kimoja, mnagonga mihuri ya nchi mbili jengo moja.

#14 MwaloniKwanza
Daraja lile acha tu, mkuu. Limetuokoa sisi wa mizigo mibichi. Siku kivuko kimeharibika unaangalia sangara kwenye barafu na barafu inayeyuka, na mnunuzi anapiga simu.

Ila kwa mleta uzi hapana. Rusumo hadi Kigali bado kuna kama 160 nyingine, kabla hata ya hizo za Rubavu. Na ukivuka pale kwenye daraja la Kagera unahamia kulia ukiwa na gari la usukani wa kulia. Kuovateki huoni mbele hadi gari zima litokeze. Sisi tuna utingo anachungulia. Yeye atamchungulisha mama?

#15 SengeremaJunction
Mama zetu wanaona mbali. Lakini nimekuelewa. Na asisahau bima ya njano ya COMESA kama ataamua barabara, bima ya hapa peke yake haivuki.

#16 Kijana_Ilemela
COMESA? Tanzania si tulijitoa COMESA zamani?

#17 SengeremaJunction
Tulitoka kwenye jumuiya, kwenye mpango wa kadi ya njano tumo. Ulizia kwa wakala yeyote wa bima.

#18 BintiIgogo
Tusimwache mleta uzi. Nataka kusema la makabidhiano, maana ndilo lililoniumiza mimi.

Nilipokabidhiwa gari nilikuwa nimechoka, nataka kulala, kijana ananipa karatasi ananionyesha pa kusaini. Nikasaini. Nilipolirudisha wakanionyesha mkwaruzo mlango wa nyuma ambao mpaka leo naapa niliukuta. Dipoziti walikata. Sikuwa na picha hata moja. Iliniuma miezi. Ile hela niliiweka kwa ajili ya ada ya mtoto.

Kwa hiyo: zunguka gari lote ukipiga video, rimu, kioo cha mbele, chini ya bampa, kipimo cha mafuta, tairi la spea na jeki. Uliza bima ikitokea ajali wewe unalipa kiasi gani mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Uliza kwa maandishi kama leseni yako ya Tanzania wanaikubali, usikubali jibu la mdomo. Hiyo inachukua dakika 40 ukiwa makini. Sasa rudi kwenye ratiba yako ya "saa 11 na robo" uone kama bado ipo. Uchovu hauanzii barabarani, unaanzia kaunta. Mtu aliyechoka anasaini chochote.

#19 Mwana_Nyegezi
Wakuu nimempigia bwana harusi. Kadi kutoka kwa wakwe imeandikwa 14h00. Yeye aliniambia kwa simu "kumi na nne", mimi nikasikia "nne". Ni saa 8 mchana! Dada wa Remera Mungu akubariki, tungefika tukakuta hata mahema hayajafungwa.

#20 Kijana_Ilemela
Si ndiyo shida ya saa za Kizungu. Wanyarwanda nao wanahesabu kama Wazungu, ndiyo maana tunapishana.

#21 DadaWaRemera
Hapana mdogo wangu. Kwa Kinyarwanda saa kumi ni saa kumi kama yetu, wanaihesabu kutoka asubuhi. Kwenye maandishi ndiyo wanafuata Kifaransa. Ukiongea nao kwa mdomo hamtapishana.

Mwana_Nyegezi, bado hujapona. Ukilala Kigali, Umuganda inakufunga hadi saa 5, na saa 5 ukiondoka unaingia saa 8 na nusu, wakwe wamekaa. Ukiondoka kabla ya Umuganda ili saa 2 uwe umefika, utoke saa 10 alfajiri, giza lilelile.

#22 MuhayaWaKemondo
Alale Musanze! Ipo katikati.

#23 MwaloniKwanza
Muhaya leo umesema. Kigali–Musanze ni saa 2, ndiyo nusu ngumu. Musanze–Rubavu ni saa moja na kitu na milima imelegea. Lakini Ijumaa jioni hiyo nusu ngumu akabidhi dereva. Makampuni mengi yanakupa dereva kwa siku moja, anakufikisha, anarudi na basi. Gharama yake ni ndogo kuliko bampa.

Mvua pia. Safari ikiwa kati ya Machi na Mei usicheze na huo upande. Mei 2023 maporomoko na mafuriko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini kule, Rubavu ikiwemo. Nilikuwa Musanze na lori, tulikaa.

#24 Mwana_Nyegezi
Mama nimemsomea uzi wote. Kasema dereva. Kasema pia ng'ombe za mahari tuzitaje vizuri, tusiaibike mbele ya Wanyarwanda kwa hesabu ya ng'ombe, nao ni wafugaji. Tutatoa mrejesho. Wabeja, asanteni.

#25 Mwana_Nyegezi
MREJESHO. Tumerudi salama, ndoa ipo.

Ijumaa uwanjani makabidhiano yalichukua saa nzima, BintiIgogo, nimepiga video mpaka kijana akaniuliza kama nanunua gari. Dereva akaendesha, mimi mbele, mama nyuma. Giza lilitukuta Shyorongi kama alivyosema Dada. Ukungu ukashuka. Kwenye kona moja taa zikamulika baiskeli ya viazi mita chache mbele, haina taa, inashuka. Dereva hata hakushtuka, alishapunguza kabla ya kona. Mimi ningekuwa na mwendo wangu wa Shinyanga. Nilinyamaza mpaka Musanze.

Sasa sikilizeni hili. Nililala saa 3 usiku, nikaamka saa 11 na nusu, nimeshiba usingizi, nimekunywa maji, nimekunywa chai. Saa 12 na robo kweupe kabisa, hakuna mvua, barabara tambarare. Natoka geti la hoteli, barabara nyeupe, hakuna gari hata moja. Nikakata kushoto nikakaa KUSHOTO. Nikaenda hivyo kama mita 200 bila wasiwasi wowote, najisikia dereva bora. Mama ndiye aliyesema, "Baba, mbona gari lile linatujia sisi?" Nikahamia kulia. Yule mwenzetu alishapunguza, akapunga mkono.

Mikono ilitetemeka nikasimama pembeni. Nieleweshwe, kwa sababu usingizi haukuwepo.

#26 BintiIgogo
Pole sana kaka. Niliandika #3 kwamba ukiwa nyuma ya wengine unafuata. Barabara tupu haina wa kumfuata. Mwili unarudi nyumbani.

#27 NesiWaZamu
Nashukuru Mungu mko salama, mpe mama salamu. Sijafuta neno langu. Usiku mmoja haulipi deni la siku ya saa 19, na mawazo ya shughuli yalikuwa kichwani. Ungekuwa Ijumaa usiku usingeisikia sauti ya mama, naye angekuwa amelala.

#28 MwaloniKwanza
Nesi, mimi nimevuka Rusumo mara nyingi nikiwa nimelala vizuri na bado getini nakosea. Ni geti. Ukitoka sehemu ya kuegesha, kituo cha mafuta, hoteli, hapo ndipo. Kila dereva wa mizigo niliyekaa naye atakwambia kituo cha mafuta. Wewe mwenye gari la kule weka kitambaa chekundu upande wa mlango wa dereva: dereva akae katikati ya barabara, abiria akae pembeni. Hiyo haibadiliki nchi yoyote ukiwa na gari la nchi hiyo.

#29 FunditNyakato
Na dereva wa Ijumaa je? Nadhani ndiyo chanzo. Angeendesha mwenyewe Kigali kwenye foleni, polepole, magari yanamwongoza, mikono ingejifunza. Amekaa abiria saa mbili, halafu asubuhi anaanza peke yake kwenye barabara tupu.

#30 DadaWaRemera
Fundi, na ile baiskeli ya viazi angeifanyaje?

#31 FunditNyakato
Hapo sina jibu dada.

#32 Kijana_Ilemela
Mkuu, mimi Desemba natua Bujumbura na nako ni kulia. Sitaki kurudia yaliyoandikwa. Niulize moja: mliporudi Mwanza, uwanjani nani aliendesha?

#33 Mwana_Nyegezi
Gari langu lilikuwa limeegeshwa pale. Nilitoa funguo mfukoni, mama akazichukua akampa shemeji aliyekuja kutupokea. Mimi nilikaa nyuma mpaka Nyegezi.